Alama ya X Mikononi mwa Suzana

Suzana alikanda udongo na mavi ya ng'ombe kwa miguu, kisha akaanza kusiliba ukuta wa mbele, ule wenye alama nyekundu ya X. Harusi ya bintiye Dorah ilikaribia, na huku Geita nyumba ya bibi harusi haipokei wakwe ikiwa na nyufa. Alama ilipigwa na watu wa serikali waliokuja na mkebe wa rangi. Walisema eneo lote hadi kwenye jiwe la mpaka limetwaliwa kwa ajili ya mgodi, tathmini itafanyika, na chenye X kisiendelezwe wala kisiondoke. Lini, hawakusema. Watoto waliokuwa wakinyonya siku ile sasa wanasoma shule.

Alipomaliza akanawa. Udongo ukatoka, X ikabaki, moja kila kiganja, mbichi.

Haikuuma. Tatizo ni kwamba kila alichokishika nacho kilipata X, na chenye X hakikuvuka jiwe. Jirani aliazima sufuria, ikakwama hewani pale mpakani, akapikia humo ugali hapohapo. Ndama aliyekuwa akipelekwa mnadani alifika kwenye jiwe akageuka mwenyewe. Watu husema serikali ina mkono mrefu. Safari hii iliazima wa Suzana, bila hata kubisha hodi.

Jilala, mumewe, alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaambiwa alama ni ya wilaya. Wilayani wakasema ni ya mkoa. Mkoani wakamuuliza mtendaji wake anasemaje. Alirudi hajui tena alikwenda kuuliza nini.

"Mama Dorah, wanasema tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Hilo sikuuliza."

Basi Suzana akaishi mikono ikiwa ndani ya khanga. Hakumgusa Dorah hata kumtoa jani kwenye nywele, na roho ilimuuma. Dorah alisukwa na shangazi yake, Eufrasia. Jambo moja tu halikuwa na mbadala. Kwa desturi yao, siku ya kuondoka mama humpaka binti samli usoni kwa mikono yake; asipopakwa, ametoka bila baraka.

Siku ikafika. Bwana harusi, Enock, alikuja na ndugu zake kutoka Kagongwa. Samli ililetwa kwenye bakuli.

"Atakupaka shangazi," Suzana alisema.

"Shangazi hakunizaa. Nipake wewe, mayu, mama yangu. Mkono ni wako."

"Sijui tena kama ni wangu."

Dorah aliitoa mikono ya mama yake kwenye khanga, akaichovya, akajiwekea mashavuni. Suzana alijua inampasa kuivuta. Hakuivuta. Alikuwa na hamu mno ya kuugusa ule uso.

X ikatokea kila shavu. Pilau ililiwa, kisha msafara ukaenda hadi kwenye jiwe, na hapo mguu wa Dorah ukakataa. Enock akavuta, Eufrasia akasukuma. Mtendaji, aliyekuwa mwalikwa na bado anatafuna, akawazuia kwa upole.

"Msimlazimishe. Anasubiri tathmini."

"Tathmini ya mtu?" Jilala aliuliza.

"Ya chenye alama, mzee wangu."

Suzana alikasirika. "Ukuta nilisiliba mwenyewe. Mtoto nilimzaa mwenyewe. Hiyo serikali ilishika wapi?"

Mtendaji alifikiri kwa dhati. Alisema swali ni zuri, atalifikisha wilayani.

Wakwe waliondoka kabla jua halijazama, maana njia ni mbaya. Enock akabaki ng'ambo ya jiwe, ameshika vidole vya mkewe, wote wawili wakiangalia chini wasijue nani amuage mwenzake. Suzana akasogea karibu. Kwa kuwa sasa hapakuwa tena na cha kuharibika, akatoa mikono yote miwili akamkumbatia mwanawe, na hakuna aliyemwambia amwachie.