Mto Wenye Tundu

Mpishi wa chuo cha wauguzi alikuwa na ugonjwa ambao watu wenye heshima zao huuita "kule". Miezi mitatu alikaa upande upande kama anayechungulia dirisha la jirani, mpaka daktari wa hospitali iliyopakana na chuo akampima, akamwomba radhi mara nne, akasema, "Mama, ni bawasiri. Damu imeshapungua mwilini. Tuikate Alhamisi ya wiki ijayo, la sivyo utakuja kuanguka na sufuria."

Hofu hakuwa nayo. Aibu ndiyo aliyokuwa nayo. Hakumwambia dada yake, maana siri ukimpa dada yake ni sawa na kuitangaza kwa kipaza sauti. Hakumwambia hata mumewe, aliyeamini mkewe analala kifudifudi kwa sababu ya joto. Siri ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na daktari. Na kompyuta, lakini kompyuta haina mdomo.

Jumanne asubuhi akaingia jikoni, akakuta juu ya kigoda chake pamekaa mto. Mto mzuri wa sponji, foronya ya maua, umeshonwa kwa mkono, na katikati umetobolewa tundu. Mpishi akautazama mto. Mto nao ukamtazama, kwa lile tundu lake.

Mchana, kwenye foleni ya chakula, mambo yakazidi. "Pole, mama." "Pole sana, mama." Mmoja akamwachia papai lililomenywa kabisa. Jamaa mmoja mrefu, ambaye kwa miaka mitatu hajawahi kurudisha hata kijiko, akaruka meza kumpokea sufuria la maharage.

"Niachie, mama. Wewe kujikaza si kuzuri."

"Kujikaza wapi?"

Jamaa akaona jambo la maana sana darini, akalikazia macho.

Wanafunzi walimwita Mama Ukoko, kwa sababu aliyechelewa kutoka zamu akarudi na njaa hakukosa kubanduliwa ukoko wa wali na kumwagiwa mchuzi, bila kuulizwa alikuwa wapi. Kwa hiyo alizijua nyuso zote, na nguo zote pia. Foleni ilipoisha akamkamata mkono binti mmoja mkimya waliyemwita Miwani.

"Ule mto umeshona wewe."

"Nani kakwambia, mama?"

"Hiyo foronya ni gauni lako. Umelivaa kila Jumapili tangu uje hapa. Jumapili iliyopita sikuliona."

Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaeleza yote. Ijumaa walifundishwa mfumo mpya wa mafaili ya hospitali. Wagonjwa wa kujifunzia walikuwa wawili tu, Mgonjwa Mfano wa Kwanza na Mgonjwa Mfano wa Pili, na wote wawili wana malaria. Darasa likaanza kukoroma. Mwalimu, kwa nia njema, akasema: haya, andikeni jina lolote la mtu mnayemjua.

"Sasa sisi, mama, kila mtu katoka kwao. Hapa mtu tunayemjua sote ni mmoja."

Mpishi akaweka mwiko chini. "Mlinifungua wote arobaini?"

"Thelathini na tisa. Mmoja alikuwa anaumwa."

"Afadhali huyo."

"Tulimsimulia jioni."

"Na huo mlango wa mafaili mliufunguaje?"

"Kwa paswedi ya mwalimu. Ameiandika kwenye plasta, ameibandika kwenye paji la uso wa kompyuta, asiisahau."

Wangemcheka, Mama Ukoko angejua la kufanya. Mwiko alikuwa nao, na shabaha pia. Lakini mtu aliyekukosea kwa papai unampiga wapi?

"Alhamisi siendi," akasema.

"Mama! Damu yako je?"

"Damu yangu nayo mmeisoma? Siendi. Siwezi kulala pale nikasomwa na kila mpita njia kama ubao wa matangazo."

Miwani akaanza kulia. Mpishi akampa kitambaa, maana hasira ni hasira, lakini mtoto wa mtu hajifuti kamasi kwa mkono.

Usiku ule akageuka na kugeuka. Jumatano, saa nne asubuhi, akaubeba mto kwapani, akagonga mlango wa darasa. Mwalimu, bwana mpole mwenye tai inayoishia kifuani, alikuwa amesimama mbele ya maandishi makubwa ukutani: USIRI WA MGONJWA. Pembeni yake kompyuta ilikuwa imevaa plasta yake pajini kama iliyotoka vitani.

"Samahani, mwalimu. Nina somo la dakika tano."

Mwalimu akauona mto, akapisha mwenyewe.

"Wanangu," akasema Mama Ukoko, "mwenye ugonjwa anaouonea aibu anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Hakuna hata aliyejikuna.

"Ala! Darasa zima wazima! Hongereni. Mwalimu, na wewe?"

Mwalimu akashika tai yake.

"Basi hata mimi sikunyoosha. Mmenishika mkono nyinyi, mkaunyoosha." Akauweka mto juu ya meza, tundu likiwaelekea. "Mto sina ugomvi nao. Jana niliukalia mpaka nikasinzia. Lakini pole hupewa aliyesema anaumwa. Ukimpa ambaye hajasema, umemvua nguo kwanza, ndipo ukamfunika."

Yule jamaa mrefu akainama mpaka akawa mfupi.

Mwalimu hakujitetea. Akaibandua ile plasta, ikatoka na rangi. "Kosa ni langu," akasema mbele ya wanafunzi wake wote, na mpishi akaliweka hilo moyoni, kwa kuwa walimu wengi wangeitupia kompyuta lawama. "Leo hii nakwenda hospitali kusema nilichofanya. Kila mtu atapata paswedi yake na kuitunza mwenyewe. Na wagonjwa wa kujifunzia tutawabuni hapahapa."

Wakawabuni. Hadi jioni darasa lilikuwa na mzee wa miaka mia na thelathini mwenye mimba ya mapacha, na bwana harusi aliyevunjika magoti matatu.

Alhamisi Mama Ukoko alikwenda hospitali, lakini hakwenda wodini moja kwa moja. Alikwenda kwanza kwenye dirisha la karani wa mafaili.

"Leo nani anaweza kusoma faili langu?"

Karani akabonyeza. "Daktari wako na wauguzi wanaokuhudumia. Basi. Jana alikuja mwalimu kukiri, tukaufunga ule mlango." Akabonyeza tena, nyusi zikapanda. "Mara thelathini na tisa kwa siku moja! Mama, wewe ni waziri?"

"Waziri wa maharage."

Akasimama katikati ya ukumbi. Kushoto mlango wa kwenda nyumbani, kulia wodi. Akaenda kulia, polepole, upande upande.

Aliyetoka kumpokea, fomu mkononi, alikuwa Miwani. Furaha ilimpanda mpaka kwenye masikio, akaimeza yote.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwanafunzi, nipo na muuguzi wa zamu. Ukipenda, atakuhudumia yeye peke yake."

"Marahaba. Wewe unatosha."

Miwani akavuta pazia, akaona limebakiza upenyo wa kidole, akaubana kwa kibanio cha karatasi. Kisha akakaa.

"Jina lako nani, mama?"

Miaka mitatu ya ukoko, na anaulizwa jina. Mama Ukoko akamtajia, herufi moja moja.

"Kazi yako?"

"Mpishi."

"Unapikia wapi?"

"Mahali fulani. Wanakula, sahani hawarudishi."

Miwani akaandika hivyo hivyo. "Na leo, mama, una shida gani?"

Neno lile hakuwahi kulitamka kwa kinywa chake. Hata kwa daktari alionyesha kwa kidole. Mama Ukoko akavuta pumzi, akalisema, lote, kwa sauti ya kutosha watu wawili.

"Pole, mama," akasema Miwani.

Safari hii akaipokea.