Kibiongo cha Shamba Namba Saba

Alhamisi asubuhi, baada ya uji, nesi wa wodi ya akina mama alimrudishia Nyatichi vitu vyake: leso mbili, viatu vya plastiki, kipande cha sabuni, na kibiongo chake kikiwa kimefungwa kwa gazeti la juzi. Nyatichi akatia sahihi. Hakikuwa kikubwa kama alivyodhani. Kilikuwa na umbo la mpini wa mwavuli, rangi ya chai ya mkandaa, na bado kilikuwa na joto kidogo.

Daktari Otiende alikuwa amemweleza mapema. Mgongo wa mtoto hunyooka kama kijiti kibichi, lakini wa mtu mzima umeshakuwa na msimamo wake. Kwa hiyo alimvuta kwa uzito wiki tatu, kamba kichwani na kamba miguuni, kisha akampasua. Kibiongo kilitoka kizima, kama jino, na mahali pake akatia vyuma viwili. Aliiandikia kampuni ya chai barua: mama huyu asibebe tena kikapu, apewe kazi nyepesi. Akamwambia pia kwamba wagonjwa wengi huacha vibiongo vyao hospitalini, na stoo imejaa.

"Mimi nitaenda na changu," Nyatichi alisema. "Tumekaa pamoja miaka ishirini na sita."

Ilikuwa Mei, mwaka wa tisini na sita, na barabara ya Boito ilikuwa tope tupu. Mumewe, Mogaka, askari wa geti la kiwanda, alikuwa mlangoni mwa nyumba yao akimngoja. Alipoondoka nyumbani Nyatichi alikuwa akimfika kifuani. Sasa alimpita kwa vidole vinne. Mogaka alimtazama kwa muda, kisha akavua kofia.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa siku ile tulipokutana Keroka," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Jioni hiyo Nyatichi aliona juu ya kabati kwa mara ya kwanza tangu walipolinunua, akakuta panya wameishi huko vizazi kadhaa bila kusumbuliwa na mtu. Mogaka naye alianza kuvaa gambuti hata ndani ya nyumba, kwa sababu soli zake ni nene. Kibiongo walikiweka kwenye kiti cha wageni. Hakikuwa na taabu, ila kila siku saa kumi na mbili asubuhi kilijiinamia kuelekea mlangoni, kama kinachotafuta kikapu.

Jumatatu Nyatichi alikwenda ofisi ya kampuni. Karani, Kipngeno, alimjua kwa miaka mingi, lakini alitazama nyuma yake akimtafuta Nyatichi hadi alipoonyeshwa kitambulisho. Akaisoma barua ya daktari kwa heshima zote. Alisema kazi nyepesi ya kitalu imewekewa watu walioumia, na kwamba tangu mwaka uanze hakuna mtu aliyenyooka kama yeye aliyewahi kuingia ofisi hiyo. Ndipo Nyatichi akafungua gazeti na kukiweka kibiongo mezani.

Kipngeno alikigeuza pande zote.

"Hii kibiongo uliipatia wapi, Mama Zack? Fikiria vizuri. Kama uliipatia nyumbani, ni yako, na kampuni haihusiki. Kama uliipatia kazini, ni mali ya kampuni, kama kikapu."

Nyatichi alifikiri. Angesema nyumbani, angerudi nacho na mambo yangeisha. Lakini alikumbuka ule mteremko ambapo kikapu humvuta mtu upande wa kushoto, na asubuhi za mvua ya mawe, na mimba mbili alizobeba mbele huku majani yakiwa nyuma. Aliona kusema uongo ni kuyatupa yote hayo.

"Niliipatia shamba namba saba," alisema.

Kipngeno alimshukuru, akakifunga lebo, akakipeleka stoo. Aliporudi alimweleza kwa upole jambo lililobaki. Ile miaka ishirini na sita ilikuwa ndani ya kibiongo. Mgongo aliokuja nao leo haujawahi kuifanyia kampuni kazi hata siku moja, kwa hiyo angeandikishwa upya, pamoja na wageni. Nyatichi, aliyekuwa amebakiza miaka minne astaafu, alihisi vyuma vikipata baridi mgongoni. Aliuliza kuhusu ile barua. Kipngeno alisema barua inazungumzia mtu mwenye kibiongo.

Jumanne wageni walikuwa wawili: Nyatichi, na Cheptoo, msichana wa miaka ishirini kutoka Siongiroi, mrefu, amenyooka kama mlingoti. Kila mmoja alipewa kikapu na aproni ya plastiki. Cheptoo aliongezewa kibiongo. Kipngeno alimweleza kwamba wengine hukitafuta miaka na miaka, lakini yeye atayafikia majani tangu siku ya kwanza. Cheptoo alimshukuru.

"Nipe mimi," Nyatichi alisema. "Kinanijua."

Kipngeno alisema hapana, hawezi kwenda kinyume na daktari.

Basi Nyatichi alikipokea, akamgeuza msichana, akakibandika chini ya shingo, akakikandamiza kuteremka hadi kiunoni, mpaka kikashika. Cheptoo akashuka kimo kama shubiri mbili. Kilimkaa vizuri.

"Inauma?" Cheptoo aliuliza, akitazama viatu vyake.

"Asubuhi," Nyatichi alisema. "Ulale kwa ubavu wa kulia. Na ukiwa kwenye mteremko, usikubali kuharakishwa."

Nyapara akapuliza filimbi. Nyatichi alishika mstari wake, akichuma polepole, akijaribu kuinama kutoka mahali pasipokunjika tena. Katika mstari wa pili mikono ya Cheptoo ilikuwa ikiruka juu ya majani bila kukosea. Kufikia saa sita alikuwa amekwenda kwenye mizani mara mbili, na nyapara akawaambia watu kwamba msichana huyu amezaliwa kwa kazi hii.