Nitajie Ugonjwa Wake

Paka wa fundi cherehani, ambaye kwa maringo yake aliitwa Bwana Mkubwa, alikuwa amelala juu ya meza ya daktari wa mifugo kama kitambaa kilicholoa. Tangu Jumapili hakula kitu, na maji akinywa aliyatapika. Dawa ya minyoo aliyopewa mara ya kwanza haikufua dafu.

"Mama, huyu tumchome sindano apumzike," daktari alisema huku akinawa mikono.

"Apumzike na nini?"

"Na mateso."

"Mateso ya ugonjwa gani? Nitajie jina lake, daktari. Hata mahakamani mtu hanyongwi kabla ya kusomewa shtaka."

Wifi yake, aliyemsindikiza kubeba kikapu, akajifunika uso kwa kiganja. "Wifi, twende zetu. Watu wanatucheka. Huyo ni paka, si mkweo."

"Angekuwa mkwe ningeshamwacha hapa."

Mwenye mbuzi aliyengoja zamu mlangoni akaangua kicheko. Fundi hakucheka. Njia nzima alikuwa akimwomba Mungu, na aliona kwamba akigeuka sasa atakuwa ameomba kwa mdomo tu, miguu ikikana.

"Mdomoni umemtazama?" aliuliza.

Daktari akasita. "Anauma, mama. Mimi ng'ombe nawaweza. Huyu ana kucha pande zote."

Fundi akavua aproni yake, akamviringisha Bwana Mkubwa mpaka kikabaki kichwa, akambana kifuani. "Kucha hizo nimezifunga. Tazama."

Daktari akavaa glavu, akaachamisha kinywa na kusukuma kwa kidole kutoka chini ya taya, ulimi ukainuka. Pale kwenye shina lake palikuwa na uzi mweupe, umejizungusha, kisha ukateremka kooni.

Fundi aliutambua papo hapo. Ulikuwa uzi wa bandi, ule wa kushikizia nguo kabla haijapigwa cherehani. Nguo ikiisha aliuchomoa na kuuangusha miguuni, kutwa nzima, bila hata kutazama. Na sasa mkono wake ukanyooka wenyewe kuuchomoa.

Daktari akaupiga ule mkono. "Usivute. Uzi huku umeshika ulimi, kule umeshika utumbo. Ukivuta unamkata ndani kama msumeno."

"Kumbe ni wewe mwenyewe, wifi," wifi yake alisema polepole.

Maneno yale yalimwingia mpaka kwenye mfupa. "Ni mimi," alijibu. "Ndiyo maana siondoki."

"Nitalazimika kumpasua," daktari alisema, "na amedhoofika. Anaweza kufia hapa hapa mezani."

"Akifa, afe akitibiwa. Pasua. Mimi nitashika taa."

Bwana Mkubwa akachomwa sindano ya usingizi. Fundi akashika taa na kuomba macho wazi, midomo ikicheza, wakati daktari akikata uzi chini ya ulimi, kisha akiutoa tumboni kipande baada ya kipande, jasho likimtiririka puani. Wifi hakwenda popote. Alisimama nyuma akishika kikapu kitupu.

Jioni paka alifungua jicho moja, akamtazama daktari kwa dharau.

"Bado hatujavuka," daktari alionya. "Na akipona, chumba cha kushonea asikanyage tena."

"Kile ni chumba chake," fundi alisema, akimfunika. "Uzi ndio utakaohama."