Mama Alifika kwa Vipande

Jumatatu asubuhi mezani palikuwa na chai iliyopoa, chaja zilizosokotana na droo ya simu za zamani. Ofisi hii ya programu za simu ilikuwa na kawaida yake: kabla ya kuchagua zana ya kutengenezea programu, unatengeneza kitufe kimoja, unakijaribu kwenye kila simu ya droo. Safari hii kazi ilikuwa ya zahanati. Wagonjwa wapange foleni kwa simu.

Zana waliyoizoea ilikuwa nyepesi, ila kila aina ya simu unaiandikia upya. Ile mpya unaandika mara moja, imetoka. Ila nzito, kwenye simu ya zamani inafunguka polepole.

"Droo tuiache," akasema Chapchap, waliyemwita hivyo kwa wepesi wa vidole vyake. "Simu hizi nani anazo siku hizi?"

"Mama yako," akasema dada wa michoro.

Wakacheka. Bosi akapitisha ile mpya bila droo kufunguliwa.

Programu ilipotoka, mama yake Chapchap akaanza kufika vipande vipande, kama programu yenyewe ilivyofika kwenye simu yake. Sebuleni zilitangulia ndala. Halafu gauni, halafu mikono na ndoo. Uso ulikuja mwisho, baada ya kukwama kidevuni. Chapchap alimsogezea kiti, akasubiri vipande vilivyobaki.

"Mama, punguza vitu kwenye simu."

"Ni picha zenu. Sifuti."

Siku ya kupima presha alimsindikiza zahanati. Nesi akaita jina la mama. Kwenye benchi palikuwa na ndala, mkoba na goti moja.

"Hajafika," nesi akasema.

"Si huyu hapa?"

"Kaka, nimpime presha kwenye goti? Mkono ukija, apange foleni upya." Akaita mwingine.

Mkono ulikuja dirisha la dawa likifungwa.

Kesho yake Chapchap akamwomba bosi warudi kwenye zana nyepesi. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alifungua kompyuta, akatafuta.

"Wa simu za zamani hakuna hata mmoja aliyelalamika. Wangekuwepo tungewaona."

Kitufe cha malalamiko nacho kilikuwa kizito. Chapchap alikiandika mwenyewe, mara moja.

Jioni alikaa na mama. Pakiti ya dawa ilikuwa mezani, tupu. Leo mdomo ulitangulia macho.

"Ile kazi yenu mmemaliza?"

"Tumemaliza, mama."

"Hongera, baba. Nzuri?"

Chapchap akatazama pale macho yalipopaswa kuwa.

"Ya haraka."

"Basi vizuri," mdomo ukasema. Wakakaa kuyasubiri macho.