Josepha Ataitika

Shemeji yangu Gasper hakuwa na haraka ya kumzika kaka yake, lakini ilipofika habari ya kumaliza matanga, haraka ilimjaa. Nilijua kwa nini. Katika ukoo wao pale Nyakitonto, siku ya kumaliza matanga ndugu wa marehemu huita majina ya watoto mbele ya wazee, kila jina mara tatu. Mtoto akiitika, chake ni chake. Asipoitika, amesusa, na mali inarudi kwa ukoo.

Mume wangu Marcel aliacha mtoto mmoja tu, Josepha, na Josepha alikuwa Denmaki, akisomea uuguzi kwa msaada wa misheni. Shamba la kahawa na migomba Marcel alilitamka mwenyewe kuwa ni la binti yake, nami niishi humo mpaka kufa. Josepha asipoitika, shamba ni la Gasper, na mimi nirudi kwetu Mabamba na sufuria zangu kichwani. Baada ya kuipalilia kahawa ile mpaka mgongo ukapinda! Nilisema sitoki, labda wanibebe.

"Mtoto yuko Ulaya," Gasper alisema, uso wa mtu aliyekwisha kushiba. "Ataitika vipi, shemeji?"

"Ataitika."

Alidhani msiba umenichanganya. Hakujua kwamba Kasulu mjini, katika ofisi ya shirika moja linalohudumia kambi za wakimbizi, kulikuwa na kompyuta na dishi kubwa juu ya paa, na kwamba nilikwisha kuzungumza na mwanangu pale kwa intaneti. Khatibu, fundi wao kutoka Tanga, aliniombea ruhusa kwa bosi wake baada ya kusumbuliwa nami mpaka akachoka. Mara ya kwanza nililia. Nilimuuliza mwanangu hali, kukawa kimya, nikadhani amenikatia. Kumbe sauti huchelewa njiani. Unasema, unasubiri, ndipo jibu linafika.

Niliwaambia wazee kwamba mila inataka mtoto aitike, haisemi awe amesimama wapi. Mzee Pasikali, mkubwa wa ukoo, alikuna kidevu, akakiri kwamba kweli hilo halijasemwa. Jumamosi tukapanda lori kwenda Kasulu, Gasper amenuna njia nzima.

Khatibu alituketisha kwenye mabenchi, akahangaika na kompyuta yake, spika zikakoroma. "Amepatikana," alisema. "Anawasikia."

Mzee Pasikali akakataza salamu kabla ya jina kuitwa.

"Shemeji," nikamwambia Gasper, "sauti inachelewa. Ita, kisha usubiri."

"Mila haina kusubiri." Akaita kwa pumzi moja: "Josepha! Josepha! Josepha!"

Spika kimya. Gasper akawageukia wazee, mikono juu. "Mmesikia wenyewe. Mtoto amesu..."

"Ndi hano!" ikasema kompyuta kwa Kiha chetu. Niko hapa. "Ndi hano! Ndi hano, baba mdogo!"

Nilipiga vigelegele mpaka Khatibu akaruka kwenye kiti.

"Hiyo ni kaseti!" Gasper alipaza sauti. "Wamemrekodi mtoto, wanatuchezea. Mimi mtu mzima nizungumze na sanduku?"

Wazee wakaguna. Wawili wakatikisa vichwa kumuunga mkono, na Mzee Pasikali hakunitazama. Hapo niliogopa, sifichi. Niliona shamba linaondoka mbele ya macho yangu kwa sababu ya neno kaseti. Lakini mimi nikiogopa huwa nakasirika, na nikikasirika sinyamazi. Nikasogea karibu na kipaza sauti.

"Mwanangu, baba yako mdogo anasema wewe ni kaseti!"

Tukasubiri. Gasper akaanza kutabasamu. Kisha ikaja cheko, cheko la Marcel kabisa katika koo la msichana.

"Baba mdogo Gasper," Josepha alisema, "ile minyaa ya mpakani niliyopanda na baba kule kijitoni, nani aliing'oa?"

"Sikuing'oa!" Gasper alisimama, akaielekezea spika kidole. "Niliisogeza kidogo tu, na baba yako alijua! Mtoto usiye na adabu wewe, unanisema mbele ya wazee? Mimi niliyekubeba mgongoni!"

Mzee Pasikali akavua kofia yake taratibu, akaiweka gotini.

"Gasper," aliuliza, "unamfokea nani?"

Gasper akashusha kidole. Akatazama spika, akatazama mlango. Hakuna aliyemsaidia. Tulikaa vile vile, kila mtu akimngojea, mpaka jibu likafika kutoka Denmaki.

"Ananifokea mimi, babu. Mimi Josepha wa Marcel."

Jumatatu Gasper aliirudisha minyaa mwenyewe, mche kwa mche. Sikumsaidia. Nilisimama pale, mikono kiunoni, nikimwonyesha mpaka ulipokuwa.