Uzito wa Ardis

Jumanne saa nne kasorobo asubuhi, Verlyn Hofstetter alifungua mlango wa dereva wa pikapu yake, akavaa miwani, akasoma stika iliyobandikwa kwenye fremu. Stika ilisema pikapu isibebe zaidi ya ratili elfu tatu na mia nane, watu na mizigo pamoja. Alikuwa ameshaisoma mara nne tangu Jumapili, na maandishi yalikuwa yale yale.

Mbele yake, katika yadi ya trela nje kidogo ya Salina, Kansas, ilisimama trela ya kuishi aliyoipenda. Ilikuwa na futi arobaini na mbili, vyumba viwili na meko ya umeme. Trela za aina hiyo hazifungwi nyuma ya gari. Shingo yake hupanda ikakaa ndani ya bodi ya pikapu, na uzito wa shingo huhesabiwa kama mzigo. Gaylen, mdogo wake Verlyn, alikuwa na ya futi thelathini na tisa.

Tusimsingizie, Verlyn hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kijicho tu, tena cha mtu mmoja. Gaylen akinunua mashine ya kukatia nyasi, Verlyn hapati usingizi mpaka apate iliyo pana zaidi. Gaylen alipoanza kwenda Texas kila majira ya baridi na kutuma picha za trela yake, roho ilimuuma kaka mtu hata akaiuza nyumba aliyoishi na mkewe Ardis miaka thelathini na minane. Kisha akanunua pikapu kwa kuipenda rangi, kabla ya kujua itavuta nini. Wazee wengi wa huko huanza hivyo.

Trent, muuzaji, alijumlisha kwenye karatasi: shingo, kiungo cha chuma, Verlyn, Ardis, boksi la spana.

"Umezidi ratili mia moja na arobaini, mzee," alisema. "Chukua ile ya futi ishirini na nane. Mama ameisifu."

Ardis alikuwa ameisifu mara mbili. Ilikuwa na dirisha juu ya sinki.

"Lile banda la kuku?" Verlyn alisema. "Gaylen atacheka mpaka meno ya bandia yamdondoke."

"Basi nendeni mkapime kwenye ghala la ngano. Hesabu yangu ni ya karatasi. Mizani haina adabu."

Kwenye mizani ya ghala alikuwepo Twila, aliyekuwa akipima malori ya wakulima tangu ujana wake. Aliipima pikapu wakiwa wote wawili ndani. Akamwambia Ardis ashuke, akapima tena. Tarakimu hazikusogea. Akamwambia apande, ashuke, kisha akamshusha Verlyn. Zikapungua ratili mia mbili na thelathini.

"Mizani ni nzima," Twila alisema kupitia dirishani. "Wewe ndiye huna uzito, shoga."

"Najua," Ardis alisema. "Ilianza tulipokuwa tunauza nyumba. Kwanza nikawa siachi nyayo bustanini. Halafu ngazi zikaacha kulia nikipanda."

"Mumeo ulimwambia?"

"Mwezi wa nne. Alikuwa anaangalia picha za Gaylen."

Verlyn alisikia, lakini alikuwa akipiga hesabu kwenye kiganja. Leseni ya udereva ya Ardis ilisema uzito wake ni ratili mia moja arobaini na nane.

"Tumebakiwa na ratili nane!" alisema, na furaha ilimjaa usoni.

Kule yadini Trent alichukua rula akalikata kwa mstari jina la Ardis kwenye ile hesabu. "Tunaliona sana kwa waliooana siku nyingi," alisema. "Kwa kawaida huwa ni mke. Ekseli inapata nafuu." Ardis alipotia sahihi, kalamu haikugandamiza karatasi, wino ukakataa kutoka. Mkataba ukaandikwa kwa jina la Verlyn peke yake.

Mwezi wa kumi na moja waliegesha Texas, jirani na Gaylen. Gaylen alitoka na kahawa yake, akaipima trela mpya kwa hatua kutoka shingo hadi mkia, akarudia kuhesabu. Verlyn aliona raha ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni.

Walikaa nje. Joleen, mke wa Gaylen, mwanamke mwenye mwili mkubwa, aliingia ndani mwao kuleta mikate ya nyama na kabichi. Trela yao ikatikisika yote, glasi zikagongana kabatini.

"Joleen huyo," Gaylen alisema bila kugeuka. "Akienda kwenye sinki najua. Nikiwa nimelala mchana, najua kama amenuna au hajanuna." Akaitazama trela ya kaka yake. "Ardis yumo?"

"Yumo. Anapanga vyombo."

"Na haitikisiki hata kidogo. Umeitegemeza kwa jeki gani, kaka?"

Ilikuwa sauti ya mtu anayeona wivu. Verlyn alikuwa ameingoja sauti hiyo miaka sitini.

"Sita," alisema. "Za chuma." Zilikuwa nne.

Trela ya Gaylen iliendelea kuyumba taratibu kwa kila hatua ya Joleen, na Verlyn akashikwa na wivu ambao hakuna mashine ya nyasi iliyowahi kumtia. Aliinuka, akaingia kwake, akaketi kwenye kochi, mikono magotini.

"Ardis, hebu tembea kidogo."

"Natembea, mzee." Alikuwa akipita mbele yake na sahani.

"Kanyaga kwa nguvu."

"Nguvu zangu ndizo hizi."

Verlyn alijaza kikombe maji, akakiweka mezani, akakikodolea macho. Ardis alienda na kurudi mara tatu. Maji yalitulia tuli, na kwa jirani glasi ziligongana.

"Walitupunja kule Salina," Verlyn alisema hatimaye. "Kesho twende kwa muuzaji wa hapa tukaulize kama wana trela kama ya Gaylen."

Ardis alirudisha sahani kabatini, akasema sawa.