Jina Kwenye Kisanduku cha Barua

Nilipohamia kwa binti yangu, katika nchi hii ya ghorofa na ngazi, mkwe wangu alinionyesha visanduku vya barua pale chini mlangoni. Vya bati, kila kimoja na jina la mwenyewe.

"Mama, nikubandikie na lako?"

"Acha, baba. Mimi mgeni tu."

Mama mkwe abandike jina kwenye nyumba ya mkwe wake? Watu wangesema nimekuja kurithi.

Binti na mumewe hutoka alfajiri, hurudi wamechoka hoi. Mchana kutwa mwenzangu ni jokofu. Lenyewe angalau hunguruma. Ndiyo maana nilipopata kazi ya kupinda mapazia kwenye karakana ya mtaa wa pili, nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Pale kuna wenzangu, kuna utani. Ila fundi mkuu alinipa sharti: "Mshahara hapa unapitia benki, bibi. Mwezi ukiisha huna akaunti, cherehani nampa mwingine."

Nikaenda benki. Nikapigwa picha, nikabonyeza dole gumba, nikaambiwa watanitumia barua nyumbani. Nikiirudisha, watajua kweli naishi pale, ndipo akaunti ifunguke. Kila asubuhi nikawa nashuka kuchungulia kisanduku cha mkwe. Matangazo ya magodoro tu.

Mwezi ulipokaribia kwisha nikarudi benki. Binti wa dirishani akatoa bahasha kwenye droo.

"Bibi, barua yako ilirudi."

"Imerudije, mwanangu? Ina miguu?"

Akacheka, kisha akanigeuzia bahasha. Muhuri mwekundu: HAJULIKANI HAPA.

Niliukodolea macho muhuri ule. Kule kwetu, hata kichaa wa sokoni ukimuuliza atakuleta mpaka mlangoni kwangu, na njiani akusimulie nilivyojifungua pacha.

"Jina lako lipo kwenye kisanduku?"

"Halipo."

"Sasa tarishi angejuaje? Liandike, bibi. Naituma tena leo hii."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililishika zamani: naosha vyombo, napiga deki. Jina ndilo nililolizuia. Hata begi langu la nguo nilikuwa sijalimaliza kulifungua, ninachota gauni moja moja juu juu, kama mtu anayengoja gari.

Nikakata kipande cha karatasi, nikaandika kwa herufi za shule ya msingi, zilizosimama wima kama wanafunzi mstarini. Nikakibandika chini ya jina la mkwe, nikakibana kwa kidole mpaka gundi ikashika. Hapo nikajua sirudi tena kwetu. Nikapanda ngazi polepole, nikalifungua begi, nikatundika nguo zote.

Barua ilifika mwezi haujaisha. Cherehani ikapona.

Lakini kabla ya kuipeleka benki niliisoma pale pale chini, nimesimama, mlango ukipigwapigwa na upepo. Ilianza, "Ndugu Mteja," kisha jina langu lote, na la baba yangu.

Nikaitika, "Abee."